Maswali ya Wasomaji: Timu ya Watu Wazima na Msamaha wa Kodi Marekani

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni katibu wa timu ya soka ya ridhaa hapa Columbus, Ohio. Tupo wachezaji 24, mdogo kabisa ana miaka 23 na mkubwa ana 46. Wengi tumetoka Tanzania, Kenya na Kongo, ila tunao Wamarekani pia, na kijana mmoja wa Honduras. Kila mmoja hulipa ada ya dola 180 kwa msimu, na fedha yote huishia kwenye kiwanja, marefa na jezi. Sasa mwenye gereji mmoja ametuahidi dola 2,500, mradi tumpe risiti ya kumwezesha kukata mchango wake kwenye kodi. Mchezaji mwenzetu anasema tujaze fomu fupi ya IRS, yaani Mamlaka ya Mapato ya Marekani, mtandaoni, tulipe dola 275, tuwe 501(c)(3), yaani shirika la hisani lililosamehewa kodi, mambo yaishe. Hoja yake ni kwamba sisi ni wa ridhaa, hakuna anayelipwa na hatutafuti faida, kwa hiyo tunastahili. Mwenyekiti ananihimiza nijaze wiki hii. Nijaze?
Katibu, Columbus

JIBU: Marahaba mwanangu. Usijaze.

Fomu hiyo, 1023-EZ, ilianza mwaka 2014 kwa ajili ya mashirika madogo: yale yasiyotarajia kupokea zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka na yenye mali isiyozidi dola 250,000. Kwa ukubwa mnaingia. Lakini wepesi wake ndio unaonitia hofu. Haikutaki ueleze kwa kirefu mnafanya nini. Inakutaka uthibitishe, kwa kutia alama tu, kwamba mmeundwa na mnaendeshwa kama shirika la hisani, kisha utie saini ukijua kwamba kusema uongo hapo ni kosa la jinai. Saini hiyo haitakuwa ya mchezaji aliyetoa wazo.

Inawezekana kabisa IRS wakaikubali bila kuuliza lolote. Mtetezi wa Walipa Kodi, ambaye ofisi yake imo ndani ya IRS yenyewe, ameliambia Bunge la Marekani zaidi ya mara moja kwamba fomu hii imepitisha mashirika yasiyostahili. Kwa hiyo mtu akikuonyesha barua ya timu ya rafiki yake iliyokubaliwa, barua hiyo haikuthibitishii kitu. Wakija kukagua, wataangalia mnachofanya uwanjani na mnavyotumia fedha, na msamaha unaweza kufutwa.

Sasa nije kwenye hoja ya mwenzenu. Ameweka pamoja ridhaa, kutolipana na kutotafuta faida. Yote matatu ni kweli kwenu, na nawapongeza. Ila hayo yanawafikisha tu kwenye kuandikishwa na jimbo la Ohio kama chama kisicho cha faida, na usajili wa jimbo si msamaha wa kodi ya shirikisho. IRS wana swali lao jingine kabisa: shughuli hii inamfaidi nani? Mkijibu kwa ukweli, jibu lenu ni wachezaji wenyewe. Mnalipa ada, mnacheza, mnafurahi, mnarudi nyumbani mmechoka vizuri. Sheria inayaita hayo burudani ya wanachama, na burudani ya wanachama si hisani hata kama hakuna anayetia senti mfukoni.

Mahakama Kuu ya Marekani iliweka msingi wa jambo hili mwaka 1945, katika kesi ya Better Business Bureau ya Washington: lengo moja tu lisilo la hisani, likiwa kubwa vya kutosha, linatosha kuangusha msamaha wote, hata kama malengo mengine ni mema kiasi gani. Ndiyo maana haisaidii kuandika kwenye katiba kwamba mnakuza afya na umoja wa jamii. Huenda mnakuza kweli. Lakini burudani yenu ni kubwa kuliko hayo, na hiyo ndiyo itakayopimwa.

Najua mwenzenu atakuja na kesi ya Hutchinson. Kila anayebishana nami kuhusu timu za watu wazima huja nayo, kwa hiyo niieleze. Mjini Hutchinson, Kansas, kulikuwa na shirika la besiboli lenye timu ya ridhaa iliyoitwa Broncos, wachezaji wake wengi wakiwa vijana wa vyuo. IRS walilinyang'anya msamaha. Shirika likaenda Mahakama ya Kodi likashinda mwaka 1979, na mwaka 1982 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Kumi ikasimama nalo. Majaji walisema kukuza michezo ya ridhaa kunaweza kuwa hisani. Watu husoma mpaka hapo wakafunga kitabu. Lakini shirika lile lilikuwa pia likiutoa uwanja wake kwa timu za vijana na kwa kambi ya mafunzo ya besiboli, na lilikuwa likitoa makocha kwa timu za watoto za Little League. Wachezaji wa Broncos hawakuwa wanachama waliojikusanya ili wapate mahali pa kucheza. Walitafutwa kwa uwezo wao.

Weka kesi hiyo kando ya ile ya Wayne Baseball ya mwaka 1999. Hao nao walikuwa na timu ya besiboli ya ridhaa ya watu wazima, tena ya ushindani wa kweli, nao waliitegemea Hutchinson. Mahakama ya Kodi ikawakatalia, kwa sababu furaha na burudani ya wachezaji ilikuwa sehemu kubwa ya kilichokuwa kikifanyika. Kabla yao, mwaka 1986, ligi ya watu wazima iliyoitwa Media Sports League ilikataliwa kwa sababu hiyohiyo. Soma kesi hizo tatu kwa mfululizo, kisha ujiulize timu yenu inakaa upande gani. Mimi nikisoma barua yako naiona Wayne.

Hapa naomba nisimame kidogo. Nimefanya mahesabu ya vyama vidogo vya wahamiaji kwa miaka mingi, na ninajua timu ya Jumapili ni nini kwa mtu aliyefika nchi hii bila ndugu. Nimeona watu wakipata kazi ya kwanza kupitia mchezaji mwenzao, wakifundishwa kuendesha gari, wakichangiwa msiba. Kwa hiyo sisemi kwamba mnachofanya ni kidogo. Nasema tu kwamba msamaha wa 501(c)(3) unamruhusu mtu wa tatu akate mchango wake kwenye kodi, maana yake walipa kodi wengine wote wanamsaidia kuchangia. Sheria inadai kwamba fedha ya namna hiyo iwafikie watu wengi zaidi ya wanaoichangia. Mimi naona hilo ni haki, hata linapotuuma sisi.

Mkae wapi basi? Pale sheria ilipowawekea, kifungu cha 501(c)(7), ambacho ni cha klabu za burudani na michezo za wanachama. Klabu ya namna hiyo hailipi kodi ya mapato ya shirikisho kwa ada za wanachama wake. Hamlazimiki hata kuomba. Klabu inayotimiza masharti inaweza kujihesabu imesamehewa, na mkitaka barua rasmi kuna Fomu 1024. Fanyeni haya: mwandike katiba fupi, mchukue namba ya mwajiri, EIN, ambayo IRS huitoa bure, mfungue akaunti ya benki kwa jina la timu, na kila mwaka mtume taarifa ya Fomu 990-N mtandaoni. Hiyo ni ya wanaopokea kwa kawaida dola 50,000 au chini, nayo huchukua dakika chache tu. Katiba isiwe na kipengele kinachombagua mtu kwa rangi au dini, maana kifungu cha 501(i) kinaifutia msamaha klabu yenye maandishi hayo. Timu yenye Mhonduras, Wakongo na Wamarekani haina sababu ya kuogopa hapo, ila nimeona katiba zilizonakiliwa kutoka vyama vya zamani vya nyumbani zikiwa na sentensi za ajabu. Isomeni vizuri. Na msigawane salio mwisho wa msimu. Litumieni kupunguza ada ya msimu ujao.

Tumrudie mwenye gereji, maana ndiye aliyeleta yote haya. Mwambie hahitaji risiti ya hisani. Akilipa ili jina la gereji yake likae kwenye jezi na kwenye bango la uwanjani, hiyo ni gharama ya matangazo, na gharama ya kawaida ya biashara hukatwa kwenye mapato ya biashara yake. Kwa mtu mwenye gereji ndogo ambayo mapato yake hujazwa kwenye ripoti yake binafsi ya kodi, njia hii mara nyingi ni bora kuliko mchango. Mchango humsaidia zaidi yule anayeorodhesha makato yake moja moja, na wengi hawaorodheshi kwa sababu kato la kawaida, lile analopewa asiyeorodhesha, ni kubwa: mwaka 2024 lilikuwa dola 14,600 kwa asiye na ndoa na 29,200 kwa wanandoa wanaojaza pamoja. Matangazo hayamwulizi habari hiyo. Mwandikieni ankara inayosema wazi ni malipo ya kuonyesha jina la biashara, msimu fulani, kiasi fulani.

Kwa upande wenu kuna hesabu ya kufanya. Ada za wachezaji 24 ni dola 4,320. Ongeza zake 2,500, jumla ni 6,820, na fedha ya nje inakuwa karibu asilimia 37. Klabu ya 501(c)(7) inatakiwa fedha kutoka kwa wasio wanachama isizidi asilimia 35 ya mapato yote. Kuvuka mstari huo hakufuti msamaha papo hapo, lakini kunawaweka mahali pa kujieleza. Akitoa 2,300 mnakuwa chini ya mstari. Wala msiigeuze timu kuwa ya kuuza matangazo mwaka hadi mwaka kwa kila duka la mtaani, kwa sababu klabu ya burudani haitakiwi kuendesha biashara. Fedha hiyo ya nje inatozwa kodi. Kwa kuwa inafika dola 1,000, mtajaza Fomu 990-T, mtaondoa gharama zilizohusika moja kwa moja, kama kuchapa jina, kisha mtaondoa dola 1,000 ambazo sheria inawapa, na kitakachobaki kitatozwa asilimia 21. Hata msipoondoa gharama yoyote, kwa dola 2,300 kodi ni dola 273. Ni chini ya ada ya ile fomu fupi, na mnalala mkijua mmesema kweli.

Jambo la mwisho kwako, katibu. Kama kuna wachezaji wanaotaka 501(c)(3) ili ada zao za dola 180 zikatwe kwenye kodi, wakate tamaa mapema. Hata timu ingekuwa shirika la hisani, anayelipa ili acheze amenunua msimu wa mpira, hajatoa zawadi. Kinachokatwa ni kile tu kinachozidi thamani ya alichopewa.

Na kama moyoni mnatamani hisani ya kweli, mlango upo. Wafundisheni watoto wa mtaa mpira, bila kuchagua wa nani. Mwaka 1980 IRS walitoa uamuzi, namba 80-215, kwamba shirika linaloendeleza mchezo kwa walio chini ya miaka 18 linaweza kuwa 501(c)(3). Hilo liwe chombo kingine chenye akaunti yake na viongozi wanaojua kwamba fedha ile hainunui jezi za wakubwa. Kabla ya kusajili chochote, mnaweza kukaa msimu mmoja au miwili chini ya mwavuli wa shirika la hisani lililopo, ambalo litapokea michango, litoe risiti na lisimamie matumizi. Lisimamie kweli. Shirika linalopokea hundi na kuipitisha tu kwenu linajitia matatani lenyewe.

SWALI: Habari za kazi dada. Nafundisha kundi la wakimbiaji watu wazima Albuquerque, New Mexico. Tunao wanane, wote huingia kwa kupimwa muda, na wanafanya mazoezi siku sita kwa wiki. Lengo letu ni mashindano ya taifa ya mbio ndefu na majaribio ya Olimpiki. Kwa majaribio ya mwaka 2024, kiwango cha kuingia marathoni kilikuwa 2:18:00 kwa wanaume na 2:37:00 kwa wanawake, na tunao watatu wanaokikaribia. Nimeambiwa watu wazima hawapewi 501(c)(3) kabisa. Ni kweli?
Kocha, Albuquerque

JIBU: Si kweli, kaka, na nimefurahi umeuliza, kwa sababu uvumi huo umewazuia wengi wanaostahili. Sheria haina umri. Ina lengo.

Mwaka 1976 Bunge liliongeza kwenye 501(c)(3) maneno yanayoruhusu shirika la kukuza mashindano ya michezo ya ridhaa ya kitaifa au kimataifa. Ila waliweka sharti gumu: shirika lisitoe viwanja wala vifaa vya michezo. Fikiria kukuza warusha mkuki bila kuwapa mkuki. Mwaka 1982 wakaongeza kifungu cha 501(j), ambacho kiliondoa sharti hilo kwa shirika ambalo kazi yake kuu ni kuendesha mashindano ya kitaifa au kimataifa, au kuwasaidia na kuwakuza wanamichezo wa ridhaa kwa ajili ya mashindano hayo. Kifungu kimesema wazi pia kwamba shirika halikosi sifa kwa sababu tu wanachama wake ni wa mji au eneo moja. Kwa hiyo watu wanane wa Albuquerque hawana shida kwa uchache wao wala kwa kuwa wote ni wa pale.

Kinachowatofautisha na timu ya Jumapili ni vile ulivyovieleza mwenyewe bila kuulizwa: mnachagua kwa uwezo, mazoezi ni mazito, na mnalenga mashindano yenye jina na kiwango kinachojulikana. Viandikeni vyote. Wekeni rekodi ya muda wa kila mmoja anapoingia, ratiba ya mazoezi, na orodha ya mashindano mliyoshiriki pamoja na matokeo. Kwenu ningejaza Fomu 1023 ndefu, ya dola 600, badala ya fupi. Ndefu inawapa nafasi ya kueleza, na kesi kama yenu inahitaji maelezo. Mkiituma ndani ya miezi 27 tangu shirika liundwe, msamaha unarudi nyuma mpaka siku lilipoundwa.

Kuna tahadhari moja, nayo nakuomba uichukue kwa uzito kuliko mengine yote. Mwaka 1981 Mahakama ya Kodi ilikataa shirika la waruka angani kwa miavuli, North American Sequential Sweepstakes, ambalo lilisema linakuza mchezo wao. Walioliendesha ndio waliokuwa wakiruka. Mahakama iliona shirika limekuwa njia ya wao kuendeleza mchezo wanaoupenda. Wewe ni kocha. Je, unakimbia pia? Mkeo au nduguyo yumo kati ya wanane? Bodi ni akina nani? Wekeni wengi kwenye bodi ambao si wakimbiaji wala jamaa zao, na uamuzi wa nani analipiwa safari ufanywe na hao, kwa vigezo vilivyoandikwa kabla ya msimu. Asiyefika kiwango hasafirishwi hata kama ndiye aliyeanzisha kundi. Na mkimbiaji aliyekwisha kuwa wa kulipwa, anayeishi kwa zawadi za mbio na mikataba, asigharamiwe na shirika la ridhaa. Ile ni biashara yake.

Mkiruhusu siku moja kundi la watu wa mtaani kujiunga ili wapunguze uzito, jambo jema kabisa, lisiwe ndilo linalokula muda na fedha nyingi. Likikua, litengeni.

Barua ikitoka, wachangiaji wenu wataweza kukata. Anayetoa dola 250 au zaidi kwa mkupuo anahitaji maandishi kutoka kwenu yakisema alitoa kiasi gani na kama alipewa kitu. Mkifanya chakula cha jioni cha kuchangisha na mtu akalipa zaidi ya dola 75 kwa kiti, mna wajibu wa kumwambia chakula kilikuwa na thamani gani, maana anakata tofauti tu. Kuanzia mwaka wa kodi wa 2026 hata wasioorodhesha makato wanaweza kukata mchango wa fedha taslimu mpaka dola 1,000, au 2,000 kwa wanandoa wanaojaza pamoja. Waambieni wachangiaji wadogo, maana wengi hawajasikia.

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni mweka hazina wa timu ya voliboli ya wanawake, Dallas. Ada zote huingia kwenye akaunti yangu kwa simu. Pia tumekubaliana kwamba anayeuza tiketi nyingi za bahati nasibu yetu anapunguziwa ada kwa kiasi alichouza. Kuna ubaya?
Mweka hazina, Dallas

JIBU: Marahaba binti yangu. Yote mawili yaache.

La kwanza linakuumiza wewe. Kampuni ya malipo inaweza kutoa Fomu 1099-K, ripoti ya malipo yaliyopokelewa, kwa jina lako, na IRS wakaona fedha za timu nzima kama mapato yako. Utaweza kujitetea kama una daftari, lakini kwa nini ufike huko? Chukueni EIN, fungueni akaunti ya timu, wawili watie saini, na taarifa ya benki isomwe kwenye kila mkutano. Za nyuma ziandike sasa ungali unakumbuka nani alilipa nini.

La pili ni zito zaidi kama mna au mnataka 501(c)(3). Mwaka 2013 Mahakama ya Kodi iliunga mkono IRS kuifutia msamaha Capital Gymnastics Booster Club, chama cha wazazi wa wanasarakasi watoto. Kila mzazi aliyechangisha alipata pointi zilizopunguza gharama za mtoto wake tu, na aliyekaa nyumbani hakupata kitu. Wazazi wale hawakuiba. Lakini faida ya uchangishaji ilikwenda kwa mtu mmoja mmoja badala ya kwenda kwa wote. Mkichangisha, punguzeni ada ya timu nzima sawasawa, au wekeni mfuko wa wasio na uwezo na wapewe kwa kuangalia hali zao. Kuhusu bahati nasibu yenyewe, michezo ya kubahatisha inaongozwa na sheria ya jimbo, na si kila kikundi kinaruhusiwa kuiendesha. Ulizeni Texas kabla ya kuchapa tiketi nyingine.

SWALI: Klabu yetu ya kriketi ilikuwa na barua ya 501(c)(3) tangu zamani, na tuna programu ya vijana. Mwezi uliopita benki ilitwambia hatumo kwenye orodha ya IRS. Hatujafanya kosa lolote, fedha zetu ni kidogo, hatujawahi kufikisha hata dola 20,000 kwa mwaka.
Mwenyekiti, New Jersey

JIBU: Mzee wangu, bila shaka hamkutuma 990-N, ile taarifa fupi ya kila mwaka, kwa miaka mitatu mfululizo. Ikifika hapo msamaha hufutika wenyewe, kwa sheria, bila afisa yeyote kuamua. Udogo wa fedha hauwaondolei wajibu huo, ila unawapa fomu nyepesi. Naliona jambo hili mara nyingi kuliko kosa lingine lolote katika vyama vyetu, na karibu kila mara chanzo ni kwamba katibu aliyekuwa na neno la siri alihama mji.

Tafuteni kwanza tarehe ya kufutwa kwenye orodha ya IRS ya waliofutiwa msamaha. Kuanzia siku barua ya kufutwa ilipotumwa au jina lilipotangazwa, ile itakayochelewa, mna miezi 15. Mkiomba upya ndani ya muda huo, na kama ni mara ya kwanza kufutwa, chama cha ukubwa wenu kina njia ya mkato: mnajaza ombi upya, mnalipa ada upya, na msamaha unarudishwa tangu siku ulipofutwa kana kwamba haukukatika. Muda ukipita, kurudi nyuma kunawezekana bado, ila mtatakiwa kueleza sababu za miaka yote mitatu, na hiyo ni kazi ya mtaalamu.

Kwa sasa acheni kutoa risiti za hisani. Mchango uliopokelewa baada ya jina kutangazwa mtoaji hana uhakika wa kuukata, na ni haki yake kujua. Waandikieni wachangiaji wakubwa mueleze hali ilivyo. Ulizeni pia jimbo kama msamaha wenu wa kodi ya mauzo ulitegemea barua ya shirikisho.

Mkirudishwa, taarifa ya kila mwaka inatakiwa ifike kufikia tarehe 15 ya mwezi wa tano baada ya mwaka wenu wa fedha kwisha, yaani tarehe 15 Mei kwa wanaofunga Desemba. Akaunti ya mtandaoni ya kutuma taarifa hiyo isifunguliwe kwa barua pepe ya mtu binafsi. Ifunguliwe kwa barua pepe ya klabu, na wajue neno la siri watu watatu.